Posho: Unga Ulioingia Tumboni kwa Amri

Mtajie mtu wa Nairobi Kariokor, atakuambia habari za viondo na nyama choma. Si wengi wanaokumbuka kwamba jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda hapa 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, jina lile lile, vita vile vile. Barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji, kuna sanamu za askari za mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Tunapita hapo kila siku tukikimbilia matatu, na hatujiulizi alikuwa anakula nini.

Alikuwa anakula posho. Leo neno hilo lina maana nyingi. Tanzania, posho ni hela anazopewa mbunge kwa kukaa kikaoni. Uganda, posho ndiyo ugali wenyewe. Lakini kabla ya hapo posho ilikuwa mgao: kipimo cha chakula anachopewa mtu ili aweze kufanya kazi ya mwingine. Hapa kwetu mgao huo ukawa unga wa mahindi, na kila nikisikia mtu akisema ugali ni chakula cha mababu zetu, huwa natamani kumuuliza: mababu wapi?

Mahindi yalitoka Amerika. Wareno waliyafikisha pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, na jina lenyewe linaelekeza India, kana kwamba waliolitunga walidhani nafaka hiyo ililetwa na majahazi ya huko. Kwa miaka mingi yalibaki kitu cha pembeni tu, cha kuchoma ukisubiri mavuno yenyewe. Sahani ya bara ilikuwa na mtama, wimbi, mawele, viazi vikuu, ndizi, kunde, njahi, mboga za majani na maziwa, kila jamii na mpango wake. Uji wa wimbi ulichachushwa kabla ya kupikwa. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu. Huo uchachu haukuwa wa ladha pekee. Bakteria hula sehemu ya sukari ya maziwa ambayo matumbo ya watu wazima wengi hushindwa kuisaga, na kwenye nafaka uchachu hupunguza zile kemikali zinazoshikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Bibi zetu hawakuwa na maabara, ila walijua mtoto gani analia usiku na kwa nini.

Kisha vita vikaja. Jeshi lilikuwa linawafukuza Wajerumani kusini, nchi ambayo leo ni Tanzania, kwenye mapori ya mbung'o ambako farasi na ng'ombe walikufa kwa maelfu. Barabara hakuna, kwa hivyo mzigo ukapanda kichwani mwa binadamu. Mwaka 1917 serikali iliamuru wanaume wachukuliwe kwa wingi, na machifu wakapewa idadi ya kuleta. Mla ndizi akachukuliwa, mla wimbi akachukuliwa, mla maziwa akachukuliwa. Wote wakapimiwa kitu kimoja: unga wa mahindi.

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mahindi yalipatikana kwa bei nafuu, yanakaa ghalani, yanafungwa kwenye gunia na kuhesabika. Ndizi ingeoza njiani. Wimbi hakukuwa na mtu wa kuuza kwa tani. Aliyechagua chakula hicho alikuwa karani mwenye daftari, na hakuna aliyemuuliza mlaji.

Na unga huo haukuwa huu wa pakiti. Ulisagwa vibaya, ukabaki na chembe ngumu. Unga kama huo unataka maji yachemke kweli, unataka sufuria, kuni kavu na muda. Mpagazi alifika kambini jioni akiwa na mvua mgongoni, kuni zimelowa, chombo chake ni kidogo kama mkebe. Alikoroga, akala ukiwa nusu mbichi. Wanga usioiva haumeng'enywi vizuri. Unashuka hadi utumbo mpana ukiwa mzima, unachachuka huko, unavuta maji, na mtu anaanza kuhara. Ongeza maji machafu ya mtoni na vijidudu vya kuhara damu, kisha umwambie mtu huyo aamke alfajiri abebe mzigo wake.

Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo iko chini sana ya ukweli. Waliouawa na risasi ni wachache. Kuhara damu, malaria na nimonia ndivyo vilivyowamaliza. Maafisa na madaktari wa kikosi waliliona tatizo la chakula wakadai wapishi, vyungu vikubwa na unga uliosagwa laini. Tafakari hilo kidogo: kwa maelfu ya watu, sufuria ilikuwa dawa, na ilichelewa.

Amani iliporudi ungetegemea mgao ule uzikwe na vita. Badala yake ulihamia kwenye mashamba ya walowezi, reli na majumba ya Nairobi. Kibarua alilipwa mshahara na posho. Walowezi walilima mahindi meupe kwa ajili ya kuuza, na weupe huo ukageuka kuwa kipimo cha ubora. Wimbi unataka kupaliliwa kwa mkono na kulindwa dhidi ya ndege, na vijana waliokuwa wakiwafukuza ndege sasa walikuwa shuleni au kibaruani. Muhindi hujifunika wenyewe kwa maganda. Ukafaulu kwa sababu ulimwengu mzima ulikuwa umepangwa upya kuufaa.

Hapo ndipo sayansi ilipoingia na mizani yake. Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 1949, na John Gilks, mkuu wa idara ya afya ya koloni, walichapisha utafiti kuhusu Wamaasai na Wakikuyu. Mwanaume wa Kimaasai, walisema, alimzidi wa Kikikuyu kwa takriban inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Wakaeleza kwamba mmoja anakula maziwa, nyama na damu, na mwingine nafaka na viazi. Lakini hata Mmaasai hakupewa cheti safi: tumbo kufunga na maumivu ya viungo yalionekana zaidi kwake. Na wanawake wa Kikikuyu, ambao walikula mboga za majani kuliko waume zao, walikuwa na afya nafuu.

Utafiti huo ulisomwa dunia nzima kama habari ya makabila mawili na desturi zao. Miongo mingi baadaye mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia akaonyesha kilichoachwa nje: ardhi iliyochukuliwa, wanaume waliopelekwa kibaruani, njaa zilizokuwa zimepita. Mwili uliopimwa ulikuwa tayari umenyang'anywa shamba, kisha ukaambiwa shida ni mapishi yake.

Ajabu ni kwamba kizazi kimoja baadaye somo liligeuka. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946. Yeye na Hugh Trowell, tabibu aliyekaa Kenya na Uganda karibu miaka 30, walishangaa jinsi magonjwa ya kawaida ya Ulaya, kama kidole tumbo na tumbo kufunga, yalivyokuwa adimu vijijini. Burkitt akafanya kitu ambacho watu wa heshima hawafanyi: alipima kinyesi. Katika ripoti ya 1972 aliyoandika na wenzake, wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa kama saa 36. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa kama gramu 100, na safari yao ilizidi saa 80. Tofauti waliiweka kwenye nyuzinyuzi: yale makapi ya mimea ambayo mwili hausagi, lakini yanayobeba maji, yanalisha bakteria wa utumbo na kusukuma vingine vitoke. Wazungu walikuwa wamekoboa chakula chao hadi kikawa hakina cha kusukuma.

Sasa angalia sisi tulielekea wapi. Mwaka 1964 Kitale ilitoa mbegu chotara, mavuno yakapanda, na mahindi yakatwaa nchi. Kiwandani yanakobolewa: ganda linatoka, kiini chenye mafuta na vitamini kinatoka, na wishwa zinauzwa kama chakula cha mifugo. Kinachobaki ni wanga mweupe laini unaokaa dukani miezi. Tangu 2012 sheria inataka wenye viwanda waongeze vitamini na madini kwenye unga wa pakiti, yaani turudishiwe kwa kijiko tulichopokonywa kwa mashine. Ng'ombe wetu, kwa upande wa nyuzinyuzi, anakula vizuri kuliko sisi.

Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, hosteli nzima iliishi kwa ugali mweupe na kabichi ya maji, wiki baada ya wiki, na duka la dawa langoni liliuza sana dawa za tumbo kufunga na kiungulia. Tulicheka tukasema ni stress ya mitihani. Huwezi kumhubiria mwanafunzi mwenye shilingi hamsini habari za wimbi. Mwenye njaa hana miiko, na wimbi leo ni ghali kuliko mahindi.

Bei hiyo nayo ina historia. Mei 2017, mwaka wa uchaguzi, serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, ikashushwa hadi 100. Hakuna anayekumbuka ruzuku ya wimbi, kunde au terere. Serikali inajua kipimo cha kututuliza, kama jeshi lilivyojua kipimo cha kutubebesha.

Sisemi tuache ugali. Nami naupenda, na sukuma ikiwa imekaangwa vizuri siachi hata ukoko. Dawa nyingine tayari tunazo. Githeri ni mahindi yaliyokutana na maharagwe, na protini ya mmoja hufidia upungufu wa mwingine. Unga wa kisiagi, usiokobolewa, bado unasagwa mtaani. Ila tukubaliane kuhusu jambo moja: ugali mweupe tulipimiwa. Na mtu akishajua kwamba chakula chake kilianza kama mgao, ana haki ya kuuliza nani bado anashika kipimo.