Itaendelea: Tarikhi ya Hadithi Ndefu na Fupi Katika Nchi ya Singida

Jirani na kituo cha mabasi cha mji wa Singida lipo duka dogo ambalo kazi yake ni kunakili filamu na katuni katika flashi na simu za watu, na kwa kuwa kijana mwenye duka hilo ni mtoto wa jamaa yangu, nami hupita kumjulia hali kila niendapo sokoni, nimepata kusikiliza mara nyingi hoja ambayo vijana wa leo huibishania kwa bidii ileile tuliyoibishania mpira sisi wenzao wa zamani: ipi iliyo bora katika katuni za Kijapani, ile inayokwenda miaka na miaka bila ya kutia nanga, au ile inayomalizika kwa vipande kumi na viwili na kumwacha mtazamaji na kiu? Kundi la kwanza huitetea One Piece, kisa cha Luffy na mabaharia wake, ambacho Eiichiro Oda alianza kukichora mwezi Julai 1997, kikaingia katika televisheni Oktoba 1999, na ambacho vipande vyake sasa vimepita 1,100 ilhali mwisho wake haujaonekana. Kundi la pili huitetea Death Note, iliyosema yote iliyokuwa nayo kwa vipande 37, ikanyamaza.

Nilipowasikia kwa mara ya kwanza nilidhani ni ubishi wa watoto. Baadaye nilitambua kuwa wanabishania jambo lenye umri mkubwa kuliko wao na kuliko mimi, na kwamba mkoa wetu, ulio takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, una tarikhi yake katika jambo hilo. Dai langu ni kwamba mapenzi ya watu kwa hadithi ndefu au kwa hadithi fupi hayakuzaliwa moyoni mwao tu. Aghalabu yaliamuliwa na chombo kilichowaletea hadithi hiyo.

Chombo cha kwanza kilikuwa moto. Katika tembe za Wanyaturu na Wanyiramba, baada ya mtama kuvunwa na ng'ombe kufungiwa zizini, bibi alisimulia habari za sungura na fisi, na kipimo chake kilikuwa kuni zilizokuwapo na macho ya watoto yaliyokuwa yakifumba. Hadithi iliyozidi moto ilikatwa, ikaahidiwa kesho, na kesho yake aliyesahau palipoachwa ni bibi mwenyewe, wala si sisi. Pwani, ambako wino na karatasi vilitangulia, mambo yalikuwa mapana zaidi: Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Bwana Mwengo mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, ilhali Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haifiki beti 80. Wasomaji wa pwani walizihifadhi zote mbili kwa taadhima moja, na sijapata kusikia kuwa mmoja wao alimdharau mwenzake kwa sababu ya hesabu ya beti.

Chombo cha pili kilikuwa gari moshi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni na Itigi, na kwa njia hiyo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, liliweza kuwafikia walimu na makarani wa bara. Lilikuwa gazeti la mwezi, na msomaji anayengoja mwezi mzima hujifunza aina ya subira ambayo leo haipatikani kwa urahisi. Katika miaka ya 1950 magazeti ya Kiswahili yakaanza kubeba hadithi za picha, na hapo ndipo lilipozuka jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki bado hulitaja kwa furaha: Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau wa Kenya tangu mwaka 1955, na ambaye mchoraji wake hakumwacha kwa zaidi ya nusu karne.

Hapa nataka msomaji atulie nami kidogo. Juha Kalulu ni ndefu au ni fupi? Ukihesabu miaka, ni ndefu kupita kiasi. Ukilitazama toleo moja, ni picha chache zinazoanza, zinazochekesha na zinazokwisha papo hapo, na msomaji aliyekosa matoleo kumi hakupotewa na kitu. Nami kwa sababu hiyo naziona hadithi ndefu kuwa ni za namna mbili: moja ni kama kamba, ukiikata huna kamba, nyingine ni kama tasbihi, kila punje ni nzima, na uzi hupita kimya katikati yake. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alikuwa wa tasbihi. Kila siku alitoka na mkasa wake, na mwalimu wa Kiomboi aliyelipata gazeti likiwa limechelewa siku nne alicheka sawasawa na karani wa Dar es Salaam aliyelisoma asubuhi. Siamini kuwa ilikuwa bahati kwamba wahusika wa namna hii ndio waliopendwa bara. Nchi ambayo gazeti lake hufika leo na kukosekana kesho haiwezi kuipenda kamba.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mimi niliipenda. Katika miaka ya 1980 lilitamba jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na ndani yake waliishi Madenge, Pimbi, Lodilofa, Kipepe na Ndumilakuwili, wahusika waliopata uhai katika kalamu ya Philip Ndunguru. Lilikuwa na visa vifupi vya kuchekesha na hadithi zilizoishia kwa neno moja lililotutesa: Itaendelea. Nilikuwa mtoto wa shule, fedha nilizipata kwa kuuza mayai ya kuku wa kienyeji, na jarida nililinunua kwa kijana wa basi lililotoka Dodoma kupitia Manyoni kwa barabara ya vumbi. Toleo moja liliishia mahali ambapo mtu mwema amefungiwa chumbani na mlango unaanza kunuka moshi. Zamu ya toleo lililofuata ilipofika, mvua zilikuwa zimekata barabara; na barabara ilipofunguka, mabasi yalileta toleo lililofuatia hilo, ambamo mtu yule alikuwa ameketi barazani akinywa chai. Alitokaje? Niliwauliza wenzangu wote, na kila mmoja akanitungia jibu lake.

Huenda msomaji wa mijini akaona hilo ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa shule. Lilinifundisha kwa nini wenzangu wengi walirukia kurasa za Madenge kwanza na kuiacha hadithi ya mfululizo. Walikuwa wakijilinda na maumivu.

Redio iliondoa sehemu ya tatizo hilo, maana wimbi halikwami kwenye matope. Tulikuwa na wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, waliokuwa wa tasbihi kama Chakubanga. Lakini mwezi Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianzisha mchezo wa kamba hasa, Twende na Wakati, uliorushwa mara mbili kwa wiki, na ndani yake akaja Mkwaju, dereva wa lori, ambaye mwenendo wake na maradhi yake yaliwafundisha watu habari za uzazi wa mpango na Ukimwi pasipo kuwahubiria. Mkoa wetu, unaopitiwa na malori ya safari ndefu usiku na mchana, ulimjua Mkwaju kabla ya kutajiwa jina lake. Jirani zetu wa Dodoma walinyimwa mchezo huo kwa makusudi hadi mwaka 1995, kwa kuwa mtambo wao ulirusha vipindi vingine ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia, na matokeo yakaonyesha kuwa waliousikia walibadilika zaidi. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa wanaotetea urefu. Mtu uliyekaa naye mwaka mzima, ukamsikia akikosea na kuugua kidogo kidogo, hukugusa kwa namna ambayo mgeni wa nusu saa hawezi.

Video ilikuja na kurudisha ufupi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na pengo hilo lilizibwa na vibanda vya video, ambamo filamu ya saa mbili ilianza na kumalizika kwa kiingilio kimoja. Ndimo alimopata sifa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alizisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, kisha akaitia sauti yake katika kanda zilizosafiri mikoani. Kibandani hakuna kesho. Aliyelipa leo anataka mwisho leo.

Sasa tuitazame Japani, ambako chombo kiliamua mambo kwa nguvu kuliko hata kwetu. Mwaka 1968 lilianzishwa jarida la Shonen Jump, ambalo baadaye lilitoka kila wiki, na ndani yake wasomaji walitumiwa kadi za kupigia kura hadithi walizozipenda. Iliyoshindwa ilikatwa baada ya miezi michache, na iliyoshinda haikuruhusiwa kufa. Kwa hiyo Naruto ya Masashi Kishimoto ikaenda tangu 1999 hadi 2014 na kujaza vitabu 72, na katuni yake ya televisheni ikafika vipande 720 ukijumlisha sehemu zake mbili. Televisheni, ambayo nayo ilitaka kipande kila wiki, ilimkaribia mchoraji ikawa haina la kuonyesha, na watengenezaji wakatunga visa vya kujazia ambavyo havimo katika vitabu: katika sehemu ya kwanza ya Naruto, kuanzia kipande cha 136 hadi cha 220, takriban vyote ni vya kujazia. Vijana wa dukani huviruka. Hufanya vyema.

Hadithi fupi za Kijapani nazo zina bwana wao. Televisheni ya huko huugawa mwaka katika robo nne za wiki kumi na tatu hivi, na tangu miaka ya 1990 makampuni yalizoea kuchangiana gharama za kutengeneza katuni zinazoonyeshwa usiku wa manane kwa robo moja au mbili, yakasubiri kuona kama zitauzika. Neon Genesis Evangelion ya mwaka 1995 ilikuwa na vipande 26, yaani robo mbili kamili. Kwa hiyo kijana wa Singida anayesifu busara ya mtunzi aliyejua kukomea pale, mara nyingi humsifu mtunzi kwa uamuzi wa kalenda.

Nayo katuni iliyodumu kuliko zote katika televisheni ya Kijapani, Sazae-san, iliyoanzia katika michoro ya gazetini ya Machiko Hasegawa mwaka 1946 na kuingia katika televisheni Oktoba 1969, huonyeshwa kila Jumapili jioni hata sasa. Na kila kipindi chake cha nusu saa kina visa vitatu vidogo vya nyumbani, kila kimoja na mwisho wake. Iliyo ndefu kuliko zote imefumwa kwa vifupi. Nilipowaambia vijana hayo walinyamaza kitambo, na nakiri kuwa nilifurahi, maana niliwaona Chakubanga na Juha Kalulu wakipewa heshima yao kutoka mbali.

Ipo khofu moja inayoifuata kamba na isiyoigusa tasbihi, nayo ni mauti. Kentaro Miura alianza Berserk mwaka 1989 na akafariki mwezi Mei 2021 kabla ya kuimaliza. Rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alikuwa amemsimulia mwisho wa kisa, aliiendeleza tangu 2022 pamoja na wanafunzi wa marehemu. Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986, akiwa bado kijana, na Madenge na wenziwe wakaendelea kuishi katika mikono ya wachoraji wengine, hata wasomaji wengi wa bara hawakujua kuwa baba yao ametoweka. Laiti ningalijua siku ile, ningaliutazama mchoro wake kwa macho mengine.

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na intaneti ikashuka bei na kuenea, mambo yamegeuka kwa namna ambayo mtoto aliyeuza mayai asingaliiwaza. Hadithi haiji tena kwa toleo; huja nzima, kwa mamia ya vipande, mfukoni. Wazee wenzangu husema vijana hawana subira, nami siwaungi mkono: One Piece ya vipande 1,100, kila kimoja cha dakika 24, ni saa 440, na nawajua vijana wa Ikungi na Mkalama waliozimaliza baada ya kazi ya alizeti, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Subira wanayo. Walichopungukiwa ni toleo lililokosekana, na hilo siwatakii.

Jumanne iliyopita nilikuwa dukani alipoingia kijana mmoja, akatuamkia, akatoa flashi yake.

"Kaka, niwekee katuni."

"Ndefu au fupi?"

Kijana aliigeuza flashi mkononi, akasoma tarakimu zilizochorwa ubavuni mwake: 8.

"Weka mpaka ijae," akasema.