Anwani ya Kupanga

Wamaza na Kasongo, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kilifika na misafara ya karne ya 19, watu husema rezo, yaani mtandao, imekatika. Mnara ukizimika, neno hilo linatosha. Lakini mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine) inayopata anwani ya IP asubuhi, ikaikosa mchana, kisha ikaipata tena, yataka kitenzi kirudiwe: mtandao unakatikakatika. Urudufishaji huo unampa fundi swali lake la kwanza: kati ya kupata na kukosa, kimebadilika nini?

Neno pepe lenyewe halinikai vizuri. Kwa mkulima wa mpunga wa Kasongo, pepe ni punje tupu inayopeperushwa kwenye ungo, ilhali mashine hii ina kumbukumbu, diski na namba yake ya MAC. Hata hivyo barua pepe imekwisha kulizoesha, nami nalikubali.

Ninalolipinga ni "ugawaji wa anwani". Kilichogawiwa ni mali ya aliyepewa. DHCP, itifaki inayozipa mashine anwani, kama ilivyoelezwa na Ralph Droms katika RFC 2131 ya Machi 1997, kwa kawaida hupangisha. Mashine hutangaza kwamba inatafuta, seva hutoa anwani, mashine huiomba hiyohiyo, seva huidhinisha. Nusu ya muda wa pango ikipita, mpangaji huomba kuongezewa. Asipojibiwa, ikifika asilimia 87.5 huuliza seva yoyote iliyopo. Muda ukiisha, anwani si yake tena. Basi anayesema "pango" tayari anajua pa kutazama: muda ni mfupi kiasi gani, anwani zimebaki ngapi, je, kuna seva ya pili inayopangisha bila idhini?

Anwani inayoanza na 169.254 ningeiita ya kujipa. Mashine iliita, haikujibiwa, ikajichagulia.

Kwenye mashine pepe kuna mtego zaidi. Zikinakiliwa kutoka mashine moja pamoja na namba ya MAC, seva huona mpangaji mmoja na kutoa anwani moja kwa mashine mbili, nazo zinaanza kupokonyana. Katika baadhi ya mifumo ya Linux, kubadili MAC hakutoshi, kwa sababu utambulisho unaopelekwa kwa seva hutokana na faili /etc/machine-id, nalo limenakiliwa pia. Hapo "nakala" ni neno pungufu. Mafundi wanahitaji kusema "pacha", wakague vitambulisho vyote viwili kabla ya kuilaumu rezo.