Kiambaza na Ukuta: Maneno ya Ujenzi Pembezoni mwa Dar es Salaam

Fundi wa Kinondoni au Temeke leo, akisimamisha upande wowote wa nyumba, asema ajenga ukuta. Babu yake asingesema hivyo. Kwake ukuta ulikuwa wa mawe na chokaa. Cha miti na udongo kiliitwa kiambaza, nacho ndicho kilichosimamisha nyumba nyingi za mitaa hii, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma.

Kazi ya kiambaza ilikuwa na msamiati wake. Fundi alisimika nguzo, nyingi zikiwa za mikoko iliyoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Alizifunga fito kwa kamba, akajaza udongo, akakandika. Juu ya nguzo alilaza mtambaapanya, akapanga makombamoyo hadi kwenye mwamba, akafunga pao, kisha akaezeka makuti.

Baada ya uhuru wa 1961 mambo yaligeuka upesi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba nyingi za udongo na kujenga za matofali ya saruji. Na mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill kikaanza kutoa saruji papa hapa. Siku hizi fundi hakandiki, hupiga lipu. Mahali pa makombamoyo pana kenchi, na mahali pa pao pana papi.

Hata hivyo si maneno yote yaliyoondoka. Bati limeshika mahali pa makuti, lakini bado twaezeka. Paa, baraza na ua vingali na majina yale yale. Hapa yaonekana kanuni: neno lililofungamana na kitu au namna ya kukifanyia kazi hufifia pamoja nacho, neno litajalo matumizi hudumu.

Kwa hiyo mtunga kamusi aandikaye kwamba kiambaza ni ukuta, kisha akanyamaza, hakosei maana tu. Afuta nyumba nzima pamoja na ustadi wake. Kukandika na kupiga lipu si kazi moja, wala mikono iliyozijua si ile ile. Wazee waliofunga fito kwa mikono yao wapungua kila mwaka. Yafaa waulizwe majina ya kazi yao wangali hai, kwani nyumba ya udongo ikianguka haiachi gofu la kusomwa.