Uvumi wa Sayari Mirihi na Upotovu wa Nakala

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa, ingawa asili zake ni mbali mbali. Uvumi hutokana na kuvuma, kitendo cha upepo na ngoma. Habari ivumayo husikika kila mahali, wala hapana aujuaye mkono ulioipiga. Uzushi hutokana na kuzusha, neno lililo jamaa na kuzua, na kila lililozushwa lina mzushi wake. Tofauti hii yafaa sana katika kuzichunguza habari za uongo zivaazo joho la sayansi, ambazo tangu mwanzo wa karne ya 21 zimeenea kwa barua pepe na kwa mitandao ya kijamii. Wengi hudhani kwamba kila habari ya namna hiyo ni uzushi, na kwamba kazi ya mwenye kuikanusha ni kumsaka mwongo. Historia ya habari mbili, moja ya Mwezi na moja ya sayari Mirihi, yaonyesha ya kuwa sivyo siku zote.

Habari ya Mwezi ilikuwa uzushi mtupu. Katika Agosti 1835 gazeti la Sun, la mji wa New York, lilianza kutoa mfululizo wa makala sita juu ya mambo yaliyosemekana kuonekana Mwezini kwa darubini kubwa ajabu. Aliyetajwa kuwa ameyaona ni Sir John Herschel, Mwingereza mtaalamu wa elimu ya nyota, ambaye kwa hakika wakati ule alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, akizichunguza nyota za upande wa kusini. Wasomaji walielezwa habari za misitu, na za viumbe mfano wa watu wenye mabawa ya popo. Jarida la Edinburgh lililotajwa kuwa ndilo chanzo cha habari lilikuwa limekwisha koma kutolewa. Mtungaji wake, Richard Adams Locke, alimchagua shahidi wa kweli aliye mbali, ambaye kauli yake ilibidi ivuke bahari kwa merikebu kabla ya kuwafikia wasomaji wa New York. Hapa mzushi yupo, na jina lake lajulikana.

Habari ya Mirihi ni ya namna nyingine. Tarehe 27 Agosti 2003 sayari hiyo iliikaribia Dunia kuliko ilivyopata kuikaribia kwa muda wa miaka karibu 60,000, ikawa mbali kwa kilomita milioni 56 hivi. Jambo hilo lilikuwa kweli. Na barua pepe iliyolitangaza ilikuwa na maelezo mengine ya kweli pia, kwamba mwenye kutazama kwa darubini ikuzayo mara 75 ataiona Mirihi kuwa na ukubwa wa Mwezi mpevu uonekanavyo kwa macho matupu. Hesabu yake ni nyepesi. Kipenyo cha Mirihi ni kama kilomita 6,800, yaani karibu mara mbili ya kipenyo cha Mwezi. Basi ili ilingane na Mwezi machoni pa watu, ingepasa iwe mbali karibu mara mbili ya Mwezi, yaani kilomita 750,000 hivi. Lakini umbali wake ulikuwa kama mara 75 ya huo. Kwa hiyo hesabu ya 75 iliyotajwa katika barua haikuwa pambo. Ndiyo iliyoubeba ukweli wote wa maelezo yale.

Barua iliponakiliwa na kupelekwa huku na huku, darubini ilianguka. Katika nakala zilizoenea, maneno ya darubini yalitengana na maneno yaliyofuata, na msomaji aliyeanzia kati alikuta kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi kwa macho matupu. Kisha mwaka nao ukaanguka, ikabaki tarehe ya siku na mwezi tu. Nakala hiyo ilirudi mwaka baada ya mwaka, na katika mitandao ya kijamii ikapambwa kwa picha za miezi miwili angani. Aliyetoka nje usiku katika Agosti 2004 kuitafuta Mirihi asingaliiona hata kama nyota ndogo, kwa kuwa wakati huo sayari hiyo ilikuwa upande wa jua na kufichwa na nuru yake. Mwaka 2005 shirika la NASA la Marekani lilitoa maelezo ya kuikanusha habari hiyo, nayo haikukoma. Wahenga walisema ya kuwa ngoma ivumayo haidumu. Hii ilidumu, kwa sababu kila mwaka una Agosti yake.

Kwa wachunguzi wa lugha upotovu wa namna hii si mgeni. Aliyewahi kulinganisha nakala za utenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ajua ya kuwa nukta moja ikiachwa neno hugeuka, na mshororo ukirukwa ubeti hupata maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Mnakili wa namna hiyo haitwi mwongo. Huitwa mnakili aliyekosea. Katika habari ya Mirihi vitu viwili vilianguka: sharti, ambalo ni darubini, na wakati, ambao ni mwaka 2003. Cha tatu kilichopotea ni mfuatano wa wapokezi, ambao wanazuoni wa hadithi waliuchungua tangu kale kabla ya kuyakubali maneno. Msomaji wa ujumbe uliopitia mikono mingi huuona mkono wa mwisho tu, nao ni wa ndugu au rafiki. Imani aliyo nayo kwa mtu huigeuza kuwa imani kwa maneno.

Aliyedanganyika kwa Mirihi alipoteza usingizi wa usiku mmoja. Katika mambo ya maradhi hasara ni nyingine kabisa. Baada ya Ebola kuingia Nigeria mwaka 2014, ujumbe ulienea ukiwahimiza watu kunywa maji ya chumvi ili wajikinge. Tarehe 15 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kuwa watu wasiopungua wawili walikuwa wamekufa baada ya kuyanywa. Chumvi haizuii Ebola hata kidogo. Lakini kila mtu aijua chumvi, na maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo maalumu huwaokoa waliokaukiwa maji mwilini kwa kuhara. Pasipo kipimo, kitu kile kile hudhuru. Na kipimo ni sharti, mfano wa darubini ya Mirihi.

Kwa sababu hiyo kusema "ni uongo" hakutoshi. Anayekumbuka ya kuwa mwaka 2003 Mirihi ilikaribia kweli atamdhania mkanushaji kuwa ndiye mwongo, na atajitetea kwa mithali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkanushaji hana haja ya kushindana na mithali hiyo. Kazi yake ni ile ya mhariri wa hati: kuitafuta nakala ya kwanza ikipatikana, kuyarudisha yaliyoanguka, na kuonyesha mahali yalipoangukia. Ikionekana ya kuwa hapana nakala ya kweli iliyotangulia, kama ilivyokuwa kwa watu wa Mwezini, hapo ndipo panapostahili neno uzushi. Na kwa Mirihi jawabu ni fupi: lililosemwa lilikuwapo, kwa darubini ikuzayo mara 75, katika mwaka 2003, nayo haitaukaribia ulimwengu wetu kuliko ilivyoukaribia siku ile mpaka mwaka 2287.