Nani anaamua siku ya kupanda karanga?

Katika daftari letu la kugawa mbegu kuna mstari mmoja ambao leo unatupa haya. Ni wa mama mmoja wa Teritware ya Fizi, upande huu wa Ziwa Tanganyika, aliyerudi kutoka kambini Tanzania. Mbele ya jina lake tuliandika: «Alipokea mbegu, hakupanda.»

Zilikuwa karanga za msimu B. Zilipaswa kufika mwezi wa pili. Lakini karatasi zililala kwenye meza za ofisi moja, sahihi moja ikingojea ingine, na magunia yakatufikia mwezi wa ine umekwisha kuanza. Sisi wa tereni tukagawa hivyo hivyo na kuwaambia watu wapande, juu ripoti ilitaka hesabu ya familia zilizopanda. Yule mama akatujibu polepole: «Wanangu, mvua iko karibu kufunga. Hizi nitazilaza.» Akaziweka na maganda yake juu ya jiko, pale moshi unapita.

Waliotusikia sisi walipanda. Karanga ziliota vizuri, zikatoa maua. Halafu mvua ikakatika, na walipong'oa wakakuta maganda mengi matupu. Mwezi wa tisa ulipofika, mwenye mbegu alikuwa nani? Ni yeye, na majirani wakapanga mstari mlangoni kwake kuomba kopo moja moja.

Tangu siku ile tumekuwa tunajiuliza: siku ya kupanda anaiamua nani? Swali hili si la jana. Lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa imepita katika inchi zetu mbili, Kongo na Tanzania.

Mgeni aliyekuwa mwenyeji

Karanga si mmea wa asili wa kwetu. Ilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika katika miaka ya 1500. Babu zetu waliipokea kwa urahisi juu walikuwa wanajua tayari njugu mawe, ambayo nayo inazaa chini ya udongo. Hawakupewa kalenda na mtu. Walijaribu, wakakosa, wakajaribu tena, mpaka kila kijiji kikajua wakati wake: mvua ya ngapi, udongo gani, shamba la mlimani au la ziwani. Kumbikumbi wakiruka, miti fulani ikitoa majani mapya, upepo ukigeuka, wazee wanasemaka: jembe liwe tayari.

Hesabu yao ilikuwa na akili. Karanga ya muda mfupi inakomaa kwa siku 90 mpaka 100, ile ya kutambaa inapita 120. Inataka maji wakati wa kuota na wakati wa kujaza maganda, lakini inataka jua wakati wa kuvuna. Ukipanda mapema sana, mvua ya kuvunia inaiotesha ndani ya udongo au inaitia ukungu wenye sumu. Ukichelewa, maganda yanabaki matupu na udongo unakauka: unavuta mmea, karanga zinabaki chini. Njo maana mwenye kupanda karanga hahesabu kuanzia siku ya kupanda. Anaanza na siku mvua inapofunga, anarudi nyuma.

Siku ya Bwana agronomu

Mwaka wa 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya mazao ya lazima. Kila mwanaume wa kijiji alipaswa kutoa mpaka siku 60 kwa mwaka akilima kile serikali imechagua: pamba huku, mpunga kule, karanga kwingine. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, siku hizo ziliongezwa mpaka 120. Agronomu na msaidizi wake, moniteri, ndio walisema nini kipandwe, kwa ukubwa gani, na lini. Aliyekataa alikutana na faini au gereza.

Tuseme ukweli wote. Wabelgiji walifanya pia utafiti wa maana. Mwaka wa 1933 walianzisha INEAC, makao yake makubwa yakiwa Yangambi, na kwetu Kivu ya Kusini kituo cha Mulungu. Walipima mvua siku kwa siku, wakapanda aina mbalimbali kwa tarehe mbalimbali na kulinganisha mavuno. Tangu 1970 kazi hiyo imebaki mikononi mwa INERA, na mbegu bora zilizopita Mulungu zimelisha watu wengi.

Ubaya ulikuwa mahali pengine. Tarehe ilitoka kituoni ikiwa elimu, lakini ilifika kijijini ikiwa amri. Mulimaji ambaye mvua yake imechelewa wiki mbili hakuwa na njia ya kusema «kwangu bado». Na mtu aliyezoea kungojea amri kwa miaka mingi, mikono yake inajua kazi, lakini anaogopa kuamua.

Kongwa

Sasa tuvuke ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Katikati ya 1946 ilituma kikundi kidogo cha wataalamu kutazama Afrika ya Mashariki. Walizunguka wiki 9 tu, katika miezi ya kiangazi, na sehemu kubwa waliiona wakiwa ndani ya ndege. Wakarudi na mpango: kufyeka zaidi ya hekta milioni 1.2 za pori, sehemu kubwa Tanganyika, na kupanda karanga kwa matrakta.

Kazi ilianzia Kongwa, katika inchi ya Wagogo, mwaka wa 1947. Mwaka ule wa kwanza walikusudia eka 150,000. Walipanda karibu eka 7,500. Mizizi ya vichaka na mibuyu ilivunja mashine. Matrakta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Lakini adui wawili wakubwa walikuwa udongo na mvua. Udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, unakauka unakuwa kama tofali, na karanga iliyokomaa haichomoki. Mvua nayo ni ya kubahatisha. Wagogo walikuwa wanajua tangu zamani kwamba inchi yao ni ya ukame. Kiasi cha kupanda kilikuwa kimekwisha kuandikwa London kabla ya mtu yeyote kungojea pale msimu mmoja kamili wa mvua.

Mwanzo wa 1951 serikali ya Uingereza ilifunga mpango huo, pesa zaidi ya paundi milioni 35 zikiwa zimepotea. Watu wengi wanauchekaka mradi huu. Sisi tunaofanya kazi ya miradi hatuna haki ya kucheka sana. Magunia yetu ya mwezi wa ine yalikuwa Kongwa ndogo.

Kambini

Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi na Uvira mpaka Kigoma. Wakapokelewa Nyarugusu, Lugufu na makambi mengine. Kule chakula kilitoka kwa mgawo, na mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Wazazi walilima vipande vidogo walivyoweza. Lakini Kigoma mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na kuendelea msimu mmoja mrefu. Huku kwetu tunahesabu misimu miwili, A kuanzia mwezi wa tisa na B kuanzia mwezi wa pili, na katikati yake kapumziko kadogo ka jua.

Marudio ya kupangwa kwa mashua mpaka Baraka yalianza mwaka wa 2005. Kijana aliyevuka akiwa na miaka 5 alirudi akiwa mtu mzima, mwenye nguvu za kulima, bila kalenda ya babu yake. Wazee wengine walibaki makaburini kule na kalenda yao. Njo maana tunaposema mwanamemba fulani «hajui kulima», tunakosea. Anajua. Alichonyang'anywa ni msimu.

Tunaomba nini

Kwa wanamemba: kabla ya kila msimu kamati ya kijiji iketi na wazee wawili au watatu, hasa wamama waliobaki wakati wa vita, na kuhesabu pamoja. Kwa msimu B, kama mvua ya kwenu inafunga nusu ya pili ya mwezi wa tano, rudisha siku 100: unafika katikati ya mwezi wa pili. Hapo chimba udongo kiganja kimoja, ukamate, ubane, ukishikamana, panda. Mvua moja ya kwanza inadanganyaka. Pandeni pamoja na msitawanye sana: shamba lililochelewa na lenye nafasi wazi ndilo vidukari wanapenda, na wao ndio wanaleta rozeti, ule ugonjwa wa kudumaza karanga ulioandikwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka wa 1907. Na mbegu ikichelewa kufika, mutu asione haya kuilaza na maganda yake mpaka msimu A.

Kwa wafadhili wetu: aksanti kwa mbegu. Tunaomba pesa ya msimu B iamuliwe kabla mwaka haujaisha, ili magunia yawe depo mwezi wa kwanza. Hekta moja inataka kilo 60 mpaka 80 za karanga zilizotolewa maganda. Familia ikipoteza mbegu hizo mara moja, haizipati tena kwa urahisi. Tena mturuhusu kubadilisha ripoti. Pamoja na «wangapi walipanda», tuandike «walipanda lini» na «wangapi bado wana mbegu».

Daftari letu tumelisahihisha. Mstari ule hatukuufuta, chini yake tumeongeza: «Alilaza mbegu. Mwezi wa tisa alipanda, akawapatia majirani.» Katika mkutano wa mwezi wa kwanza tutamuomba yule mama azungumze wa kwanza, kabla yetu.