Mkataba uliosahau treni

Haya wasomaji, leo naweka programu kando kidogo niwapeleke kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Msijali, tutarudi kwenye tarakilishi kabla ya kumaliza.

Huko kuna stesheni ndogo inayoitwa Berney Arms. Iko katikati ya nyanda za majimaji wanakolishia ng'ombe, kati ya Reedham na Great Yarmouth. Hakuna barabara ya umma inayofika hapo. Ukitaka kwenda ni treni, miguu au mashua katika mto Yare. Jukwaa ni fupi sana, na treni haisimami mpaka uombe: aliye ndani anamwambia kondakta, aliye nje anampungia dereva mkono, kama sisi na matatu.

Nani alijenga stesheni pahali pasipo na mji? Jibu liko katika mkataba. Reli ya Yarmouth hadi Norwich, ya kwanza katika Norfolk, ilifunguliwa tarehe 1 Mei 1844. Ilipita katika ardhi ya Thomas Trench Berney. Mzee alikubali kuuza kwa sharti moja: kampuni ijenge stesheni hapo na kuidumisha milele.

Kampuni ikajenga. Baada ya miaka michache ikatangaza kwamba treni hazitasimama hapo tena. Kumbe sharti lilitaja stesheni tu. Hakuna palipoandikwa kwamba treni nazo zisimame!

Wenzangu wa programu, mnaijua hadithi hii. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa ile kampuni ya reli. Mteja mmoja aliagiza ukurasa wa ripoti, nikamjengea ukurasa. Takwimu zake zilibaki zile zile nilizoweka siku ya kwanza, kwa sababu mkataba haukusema zijisasishe. Aliponilalamikia nilimwonyesha kifungu. Nililipwa pesa zote, lakini hakunipigia simu tena, na hadi leo naona aibu. Nilijua vizuri alichotaka.

Kule Norfolk mabishano yalichukua muda mrefu kabla ya treni kuanza tena kusimama. Mwaka 1883 ilifunguliwa njia nyingine ya kwenda Yarmouth kupitia Acle, na siku hizi treni nyingi hupita huko. Berney Arms imebaki na chache tu, lakini ingali hai. Stesheni kubwa kuliko hiyo zilifungwa kwa mamia miaka ya 1960.

Jambo la pili ni la wapenda data. Takwimu rasmi za mwaka wa 2019/20 zilionyesha kwamba Berney Arms ilitumiwa mara 42 tu, idadi ndogo kuliko zote Uingereza. Watu walicheka. Lakini njia hiyo ilikuwa imefungwa tangu Oktoba 2018 hadi Februari 2020, wakibadilisha ishara za zamani za reli. Mwaka wa hesabu huisha Machi. Kwa hiyo zile 42 ni za wiki chache tu, tena korona ikiingia!

Basi kabla hujaandika programu ya kupanga stesheni kwa idadi ya abiria, uliza kwanza treni zilipita siku ngapi. Na kabla hujasaini kazi ya mteja, muulize treni isimame wapi.