Zogoyogo wa Embu na Meru

Msomaji, ukitaka kujua watu wa Kenya walikuwa wangapi mwaka 1948, utajibiwa upesi: hesabu ya mwaka huo ilionyesha watu kama milioni 5.4. Ukiuliza habari za mwaka 2019, utaambiwa milioni 47.6. Lakini ukiuliza ni ndege wangapi aina ya zogoyogo walioishi katika mabonde ya Embu mwaka ule wa 1948, hutapata jibu, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu. Je, kiumbe asiyehesabiwa hana historia? Anayo, ila yatubidi tuitafute katika habari za ardhi aliyokaa juu yake.

Ndege nimtajaye huitwa na wataalamu zogoyogo wa Hinde, na duniani kote hapatikani ila Kenya. Macho yake ni mekundu, na manyoya yake ya kahawia yana mabaka meupe yasiyofanana kwa ndege mmoja na mwenziwe. Huenda kwa makundi madogo, wakipindua majani makavu chini ya vichaka ili kutafuta wadudu, na kelele zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Wakati wa kulea, kundi zima husaidia kulisha makinda ya jozi moja. Jina la Hinde ni la daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye baada ya kupigana vita huko Kongo alikuja kuwa mtawala katika nchi yetu. Sampuli ilifika London, na mwaka 1900 Bowdler Sharpe akaiandika kuwa aina mpya ya ndege.

Mwaka huo huo wa 1900, huko Marekani, watu wa kujitolea walianza kuhesabu ndege kila msimu wa Krismasi. Tangu mwaka 1966 wamekuwa pia na hesabu nyingine: kila mwaka, ndege wanapotaga, watu hupita barabara zile zile na kusimama mahali pale pale. Kwa njia hiyo wamejua kwamba kigogota mwenye kichwa chekundu, ndege atobolaye mashina ya miti ili apate kiota, amepungua kwa zaidi ya nusu. Hupenda miti iliyokufa, na watu waliposafisha mashamba yao waliiondoa. Sisi hatuna kitabu cha namna hiyo kuhusu zogoyogo. Tunayo maganda ya ndege waliokaushwa katika majumba ya makumbusho, maandishi ya wapita njia, na ramani za ndege wa Kenya zilizochapishwa mwaka 1989. Navyo si haba, ila ni lazima visomwe pamoja na historia ya mkulima.

Basi na tuisome. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewazuia Waafrika kupanda kahawa, ilikubali ijaribiwe Meru, Embu na Kisii. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliikuza kazi hiyo: vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa, hati zikatolewa, na kahawa ikashuka mpaka kwenye mabonde ya mito. Mkulima alipata ada ya shule ya watoto wake, na asimlaumu mtu yeyote kwa hilo. Lakini vichaka vya asili vilivyofuata mito viliondoka, na zogoyogo hakai katika shamba tupu.

Kwa nini basi hakutoweka? Hapa ndipo habari inapokuwa ya ajabu. Mmea wa lantana, uliotoka Amerika ya joto, ulienea katika nchi yetu, ndege wakizisambaza mbegu zake. Mkulima hauupendi, maana huvamia malisho na hudhuru ng'ombe wanaoula. Hata hivyo kila penye ukingo usiolimika au shamba lililoachwa, lantana ilifanya kichaka kizito chenye miiba, na zogoyogo akahamia humo. Katika mabonde ya Kianyaga, yaliyokuwa chini ya wilaya ya Embu kabla ya uhuru, ndege huyu ameishi katikati ya mashamba ya watu, chini ya mmea wa kigeni.

Wako pia katika Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, na katika Hifadhi ya Mwea iliyotengwa mwaka 1976 kando ya bwawa la Kamburu. Yaweza kudhaniwa kwamba mbuga hizo zatosha. Sidhani hivyo. Mbuga zilitengwa kwa ajili ya tembo na simba, nazo ziko katika nchi kame, hali sehemu kubwa ya makao ya ndege huyu imo katika mashamba yasiyolindwa na askari yeyote.

Wataalamu waliomchunguza tangu miaka ya 1970 wanakadiria kwamba hawazidi maelfu machache, nao wamemweka katika orodha ya ndege walio hatarini. Wakati huo huo mashamba yanagawanywa tena, baba kwa wana, na kila mwana anahitaji kuni na kila hatua ya udongo. Lantana ya ukingoni hukatwa kwanza, kwa kuwa haina mtetezi.